Muguu unakatwa siku moja, nyumba inaumia miaka

Leo sitasema juu ya mushahara wala juu ya prime. Nitasema juu ya muguu mumoja, na juu ya karatasi moja yenye mimi mwenyewe niliwekea mukono.

Mwenzetu mumoja wa hapa Kolwezi, fundi wa kuunga vyuma, alikuwa anatumikia kampani ndogo yenye inapewa kazi na kampani kubwa, ile tunaita sutretansi. Usiku mumoja wa kazi, benne ilirudia nyuma, ikamubana muguu wa kuume. Minganga walipigana siku tatu ili wauponyeshe, kisha wakaukata chini ya goti. Alikuwa na miaka 38, bibi na watoto watano.

Kisha majuma sita, kampani ilituita ku biro. Karatasi ilikuwa tayari juu ya meza. Ilisema kontra imekwisha, feza hii ni ya mwisho, hakuna tena deni kati yetu. Mimi, delege wa sendika, nilikuwa nimekaa pembeni yake. Mara ya kwanza walikuwa wanataka kumupatia nusu ya feza ile, na mimi nilipiga kelele mpaka wakaongeza. Kwa hiyo nilifikiri tumeshinda. Nikamuambia: "Mudogo yangu, weka mukono." Akaweka. Na mimi nikaweka wangu kama shahidi. Nilirudia nyumbani na furaha.

Kisha miezi saba, feza ilikuwa imeisha.

Musiseme haraka kwamba aliikula vibaya. Nilikaa naye na bibi yake, tukahesabu yote kwa kalamu. Nyumba ya kupanga. Masomo ya watoto watano. Dawa zenye kampani ilikataa kulipa. Pikipiki ya kumupeleka kubadilisha bandeji, mara tatu kwa juma. Bekiyi. Bukari ya kila siku, juu mushahara haukukuwa tena. Na feza moja ya maombi, nitaisema hapa chini. Hakuna pombe mu hesabu ile, hakuna nguo ya fahari.

Tangu siku ile niliona kwamba sisi watu wa sendika tunajua kupigania siku ya aksida. Miaka yenye inafuata, tunaiachia bibi ya mugonjwa.

Ku lopitalo walimuchunga kidonda vizuri. Namna ya kuishi, hakuna mutu alimufundisha. Bibi yake, kwa upendo, alikuwa anaweka muto chini ya goti kila usiku ili muguu upumuzike. Kila mutu mwenye alifika kuwasalimia alimusifu. Kumbe muto ule ulikuwa unafanya goti likauke likiwa limejikunja. Wakati walifika kwa kinezi, ule munganga wa mazoezi, alishika goti, akatikisa kichwa. Akawaambia maneno yenye walipaswa kusikia tangu mwanzo: goti linyooshwe, muto usiwekwe chini yake, mugonjwa alale kwa tumbo mara kwa mara mu siku, asikae saa mingi ku kiti akiwa amelikunja. Bandeji ikazwe zaidi ku mwisho wa kipande, kisha ilegee pole pole kwenda juu, ili uvimbe upungue na kipande kipate umbo la kuingia mu muguu wa kutengeneza, ule wanaita protezi.

Maneno haya hayaombe mashini ya bei kali. Yanaomba nusu saa ya mutu mwenye kujua. Lakini kwa kukosa nusu saa ile, mwenzetu alifanya miezi ine ya mazoezi na machozi ili goti linyooke tena.

Tena kuko maumivu. Usiku alikuwa analalamika kwamba vidole vinamuuma, vidole vya muguu wenye hauko. Alikuwa ananyoosha mukono kuvikuna, anakuta blanketi. Watoto waliogopa. Jirani mumoja alisema ni buloji, kwamba mutu fulani anauchezea muguu ule kule wenye ulizikwa. Hapo ndipo feza ya maombi ilitoka. Mimi sicheke mutu kwa kuomba, mimi pia ninaomba. Lakini kinezi aliwaelezea kwamba mishipa yenye ilikuwa inatoka ku kidole mpaka ku kichwa, kipande chake kingali mu mwili, na kichwa kingali kinangoja habari ya muguu. Inapatikana kwa watu wengi wenye kukatwa kiungo. Kuko dawa yake, kuko pia mazoezi yenye yanasaidia watu fulani, kama kujiangalia mu kioo namna muguu muzima unatembea. Siku bibi alisikia maneno haya, aliniambia: "Yaya, ile usiku nililala. Sikulalaka vile tangu aksida."

Mambo mengine, hata munganga hafikirie kuyasema. Choo chetu cha mu lupangu ni shimo la kuchuchumaa. Mutu wa muguu mumoja atachuchumaa namna gani? Mutoto wao wa kwanza, wa miaka 15, alikamata kiti cha zamani cha mbao, akatoboa katikati, akakiweka juu ya shimo, akapigilia ubao ku ukuta ili baba ashikilie. Mvua ilipoanza mu mwezi wa 11, bekiyi zilikuwa zinazama mu matope. Mipira ya chini iliisha, wakakata mingine mu pine ya pikipiki. Kampani haikufikiria mambo haya, na sendika haikuyafikiria.

Bibi alianza kuuzisha makala ku soko. Mutoto musichana wa pili aliacha masomo trimestre moja ili achunge wadogo. Na baba alikuwa anakaa ku kiti tangu asubui mpaka magaribi, kila kitu wanamuletea: maji ya kunawa, redio, hata kijiko. Siku moja alitupa sahani ya bukari chini. Akasema: "Munaniangalia sawa mutoto. Miye sikufe, ni mugulu ndiyo ilikufa."

Bibi hakujibu. Asubui yake alienda ku soko, akamuachia mutoto wa mwisho, mbabula na unga. Aliporudia saa nane, alikuta bukari imeiva. Ilikuwa ngumu, lakini wote walikula. Tangu siku ile musichana alirudia ku masomo.

Wamama wenye munasoma, ninasema hii juu yenu. Kumusaidia mugonjwa ni vizuri. Kumufanyia yote ni kumukata mara ya pili. Na ninyi wanaume wenye mulipata aksida, hasira yenu tunaielewa, lakini sahani haikutenda kosa.

Protezi aliipata namna gani? Si kampani. Ni ndugu wa familia, watu wa paroisse na sisi wenzake, kila mutu alitoa kidogo siku ya mushahara. Walipima kipande kwa plastere, wakatengeneza kikombe chenye kinakishika, na chini wakaweka muguu. Siku ya kwanza alisimama kati ya vyuma viwili, akatembea hatua sita, akatoka jasho sawa mutu mwenye kubeba mufuko wa minerai. Leo anaingia mu lupangu lake bila bekiyi. Amerudilia kazi yake: anakaa ku kiti na kutengeneza mbabula kwa vipande vya mabati, na bibi anaziuzisha pamoja na makala.

Mungefikiri habari imeisha vizuri. Haijaisha. Kisha mwaka moja kipande kilipunguka, kama vile kinapungukaka kwa kila mutu, na kikombe kikaanza kulegea. Anavaa soksi tatu juu ya kingine ili kisitoke, na ngozi inapata vidonda. Anahitaji kikombe kingine. Protezi haiko kitu cha kununua mara moja. Inaisha sawa kiatu, inaomba fundi, inaomba kubadilishwa maisha yote. Na ile karatasi yenye niliwekea mukono inasema: hakuna tena deni.

Sasa tuseme juu ya sheria, kwa sababu wengi wanafikiri musaada ni huruma ya bosi. Kuko CNSS, ile zamani tuliita INSS. Kwa sehemu ya hatari za kazi, bosi peke yake ndiye anatoa muchango, 1,5 kwa mia ya mushahara. Mutumikaji hakatwi kitu kwa sehemu hiyo. Feza hiyo iko kwa ajili ya aksida kama hii: matunzo, feza ya siku zenye mutu hawezi kutumika, na kama munganga ameandika kwamba ulemavu ni wa kudumu na kiwango chake kinaruhusu, rente, ni kusema feza yenye inarudia kila wakati, haimalizike mu miezi saba. Tena kuko sheria ya tarehe 3 mwezi wa 5, 2022, yenye inalinda haki za watu wenye kuishi na ulemavu mu inchi yetu. Haya si maneno ya kuomba-omba.

Lakini CNSS haitajua aksida yenye hakuna mutu ametangaza. Mu sutretansi, hapo ndipo muchezo unafanyika. Bosi mudogo anajua kwamba hakulipa michango, ao alilipa kwa watu kumi na anatumikisha makumi ine. Kutangaza aksida ni kujifunua. Basi analeta envelope haraka, wakati mugonjwa angali na maumivu na nyumba iko na njaa. Envelope ile inanunua kunyamaza. Na mimi nilisaidia kuuzisha.

Wengine watasema: delege, sheria iko ku karatasi tu, mwenye njaa atakamata envelope. Ninakubali, njaa haingoje tribunali. Ndiyo maana sisemi mutu akatae feza. Ninasema: asikubali yale maneno "hakuna tena deni". Feza ya kusaidia leo, na haki ya kesho, ni vitu viwili. Viandikwe ku karatasi mbili.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka mukono, delege na familia waulize maulizo haya matano. Aksida imetangazwa ku CNSS, na kopi ya karatasi iko wapi? Munganga ameandika kiwango cha ulemavu? Nani atalipa kinezi, protezi ya kwanza, na zile zenye zitafuata? Kuko kazi gani mu kampani yenye mutu huyu anaweza kufanya akiwa amekaa: ku magazini, ku redio ya kuongoza mabenne, ku mulango wa kuhesabu watu? Na kampani kubwa, yenye mawe ni yake, inasema nini? Kama jibu halipatikane, tuite muchunguzi wa kazi wa serikali, na familia iende yenyewe ku biro ya CNSS na karatasi zote za lopitalo. Musitupe hata karatasi moja.

Na mu convention collective yenye tutazungumuza, sitaki tena kifungu chenye kinasema "aksida" na kinaishia ku mulango wa lopitalo. Protezi na kubadilishwa kwake viandikwe kwa majina yake. Kinezi aandikwe. Pikipiki ya kumufikia kinezi iandikwe.

Ndugu zetu wachimbaji wa mikono hawana bosi wa kutangaza aksida. Lakini tangu sheria ya mine ilibadilishwa mu 2018, kila muchimbaji anapaswa kuwa mu kooperative yenye kukubaliwa. Kooperative yenye inajua kukata feza ku kila mufuko, ijue pia kuweka kasha kwa ajili ya mutu mwenye shimo limemuvunjia muguu. Wanamemba waulize kasha hiyo iko wapi.

Kwa sisi wenzake, ninaomba kitu kimoja. Juma la kwanza, lupangu linajaa watu, kila mutu na sukari yake na sabuni. Mwezi wa tatu hakuna tena mutu. Twendeni mu mwezi wa tatu, wakati feza inapunguka na mutu anaanza kutupa sahani. Twende na musumari wa kutengeneza kiti cha choo.

Mwenzetu, tumefungua dosie yake ku CNSS, kwa kuchelewa. Kila mwezi tunaenda pamoja kuuliza. Anapanda ngazi ya biro ile pole pole, na soksi zake tatu, mimi niko nyuma yake. Ku ngazi ya mwisho anageuka kila mara na kunicheka: "Delege, unachoka na migulu yako mbili?" Mimi ninanyamaza. Ninakumbuka kalamu yenye nilimupatia siku ile.