Tukikataa kuulizwa uraia, tusiwaulize wa Ulyankulu

Makamanda, leo tujiseme wenyewe kidogo.

Mkosoaji wa serikali akiulizwa uraia wake, tunapiga kelele, na ni haki yetu. Ila tukirudi vijiweni hapa Tabora, mkulima wa tumbaku wa Ulyankulu akikorofishana na mtu kidogo tu anaambiwa "rudi kwenu Burundi." Na msemaji wakati mwingine kavaa fulana yetu!

Kwao wapi? Wazazi wake walikimbia mauaji ya 1972. Yeye kazaliwa hapahapa. Mwaka 2010 serikali ilikubali kuwapa uraia watu zaidi ya 160,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Iliwabidi waukane uraia wa Burundi, maana sheria yetu haitaki uraia wa nchi mbili. Halafu vyeti vikazuiliwa: hameni kwanza makazini, mkatawanywe mikoa mingine. Yaani waache mashamba waliyoyalima karibu miaka 40. Vyeti vilikuja kuanza kutolewa mwishoni mwa 2014. Miaka minne mtu si Mrundi, si Mtanzania. Akionewa, amlilie nani?

Na Tabora yenyewe ilikuzwa na misafara ya Bagamoyo hadi Ujiji: wapagazi wa Kinyamwezi, Wamanyema wa Kongo, Waarabu wa Oman. Wajukuu wao hatuwadai vyeti.

Basi mgombea wetu akimwita mpinzani wake "mkimbizi" jukwaani, mnyang'anyeni maiki. Hata kama watu wanashangilia.