"Haina kazi": neno la hatari katika magaraji ya Pinga

PINGA – Katika magaraji ya hapa kuna neno limezoeleka kupita kiasi: "Haina kazi." Fundi anafungua motere ya gari la zamani, anakuta tiyo nyembamba ambayo hajui inatoka wapi wala inaenda wapi. Anaitoa, anaziba tundu kwa msumari, kisha anamwambia shofere: hii haina kazi, endelea. Hapo fundi amesema uongo. Alichotakiwa kusema ni "siijui", na kati ya maneno hayo mawili kuna maisha ya watu.

Mfano wa kwanza ni freni. Mguu wa shofere unasaidiwa na servo, lile duara kubwa jeusi lililo mbele ya pedali, upande wa motere. Servo inafanya kazi kwa kunyonywa hewa. Motere ya esansi inainyonya yenyewe. Ile ya mazuti hainyonyi vya kutosha, kwa hiyo inawekewa pampu. Kwenye Toyota za mazuti kama Hilux ya motere 2L na 3L, au Land Cruiser ya 1HZ, pampu hiyo imefungwa nyuma ya alternateri. Alternateri ikiungua, mtu ananunua nyingine ya bei rahisi isiyo na pampu, na tiyo inazibwa. Taa zinawaka, bateri inajaa, gari linatembea. Lakini kwenye mteremko wa kwenda Kalembe pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na juu ya mizigo wamekaa akina mama na watoto wanaokimbia vita.

Mfano wa pili ni lile kopo jeusi lenye makaa ndani, kwenye magari mengi ya esansi. Linashika mvuke wa tangi na kuupeleka uchomwe ndani ya motere. Tiyo yake ikizibwa, tangi linaweza kukosa hewa: gari linazimika mlimani, shofere anafungua kifuniko cha tangi, linapumua, linawaka tena. Watu wanalaumu esansi. Tiyo ikiachwa wazi, mvuke unatoka karibu na motere yenye moto.

Kuna pia tiyo inayotoa mvuke wa oili ndani ya motere. Ikizibwa, presha inajaa na oili inatafuta njia ya kutokea. Ukweli usemwe: valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya motere, ile EGR, ikizibwa gari nyingi hutembea tu, ingawa hewa inachafuka zaidi. Lakini hata anayeiziba lazima awe na hakika kwamba ni hiyo, si tiyo ya freni iliyo jirani yake.

Mafundi watajibu kwamba magari yamefika yamezeeka, bila kitabu. Ni kweli. Mwaka 2020 UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari milioni 14 yaliyokwisha kutumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, mengi yakienda katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Lakini kukosa kitabu si ruhusa ya kubahatisha. Magari mengi ya zamani ya Japani yana mchoro wa tiyo uliobandikwa chini ya kifuniko cha motere, na mchoro hauhitaji kujua Kijapani. Kama umebanduka, fundi afuate tiyo kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho, apige picha kwa simu kabla ya kutoa kitu, na afunge alama kwenye kila ncha.

Freni zina jaribio la dakika moja. Motere ikiwa imezimwa, shofere akanyage pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Mguu ukiwa bado juu yake, awashe motere. Pedali ikishuka kidogo, servo inasaidia. Isiposhuka, gari hilo lisipakie mtu, hata kama safari ni ya haraka.

Abiria wana haki ya kudai jaribio hilo kabla ya kupanda, na wahami wa vita wana haki hiyo sawa na mfanyabiashara. Mwenye gari naye asilipe kazi ya fundi asiyeweza kutaja alichotoa. Anayesema "haina kazi" aeleze kwanza kitu hicho kinatoka wapi, kinaenda wapi na kinafanya nini. Akishindwa, akiache mahali pake.