Lumbesa ya Nyimbo: Wizi Tunaoufumbia Macho



Hakuna mkulima wa Lufingo asiyeijua lumbesa. Mnunuzi huja na gunia lake, akalijaza viazi hadi mdomoni, kisha akalishonea kilemba juu kinachomeza madebe mengine, na mwisho akalipa bei ya gunia moja. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi. Wakala wa Vipimo wamekuja na kuondoka. Nasi misikitini tumeisoma Suratul Mutaffifin mara zisizo na hesabu, tukiwakusudia wanunuzi hao, na tulikuwa na haki ya kuwakusudia. Mkulima ameamka katika baridi ya Rungwe, amepalilia chini ya mvua isiyokatika, na lile debe la juu ni jasho lake lililochukuliwa bure.

Sasa tumfuate mkulima huyo huyo akishauza viazi vyake. Anakwenda Tukuyu mjini, anampa kijana mwenye kompyuta memori kadi yake na fedha kidogo, anarudi nyumbani na nyimbo mia tatu. Humo zimo albamu nzima za watu waliotunga, wakalipia studio na kukesha humo. Katika fedha iliyotoka mfukoni, mtunzi hana hata senti moja. Kijana wa kompyuta hakutunga wala hakuimba. Kazi yake ilikuwa kubonyeza. Hii nayo ni lumbesa, na safari hii wenye gunia ni sisi.

Tusingelishika kalamu kwa jambo hili lau si neno lililosemwa barazani kwetu baada ya swala ya Ijumaa. Suala hili lilipoguswa, ndugu yetu mmoja, mtu wa swala tano na mwenye kuheshimika, alijibu kwa utulivu kabisa kwamba muziki ni haramu, kitu cha haramu hakina heshima ya mali, basi aliyekichukua hakuiba kitu. Waliokuwapo wakacheka, na wengi wakatikisa vichwa kwa kukubali. Sisi hatukucheka. Hoja hii inazunguka katika misikiti mingi, nayo imevaa kilemba cha elimu. Lazima ivuliwe.

Msimamo wa jarida hili kuhusu muziki wasomaji wanaujua, na hatuna haja ya kuurudia hapa. Tunakubali pia kwamba ndugu yetu hakuibuni hoja yake hewani. Wanazuoni wa zamani walijadili hukumu ya mtu anayeivunja ala ya muziki ya mwenzake, kama gambusi, kwamba je, atalipa au halipi? Walihitilafiana. Wako waliosema halipi kitu. Imam Abu Hanifa, Allah amrehemu, aliona alipe thamani ya mbao yake. Tazameni jinsi hata katika ala ya starehe Imam huyo alivyouona ubao wenye mwenyewe, akataka mwenyewe alipwe ubao wake.

Lakini hata tukiiacha rai ya Abu Hanifa na kuishika ile nyepesi zaidi kwa ndugu yetu, bado haimsaidii hata chembe. Wanazuoni wale walikuwa wakimzungumzia mtu aliyelivunja gambusi. Alilivunja kwa sababu alilichukia, akataka lisisikike tena. Je, ndugu yetu amevunja nini? Yeye hakulivunja gambusi. Amelibeba nyumbani kwake, analipiga usiku na mchana, na jirani zake wanalisikia. Ikiwa kitu hicho ni uchafu, mbona amekiweka mfukoni? Na ikiwa anakipenda kiasi cha kukitafuta hadi Tukuyu, kwa nini mwenye kukitengeneza anyimwe haki? Mtu hawezi kuitumia fatwa ya uharamu kama ufunguo wa kuingilia ghalani, kisha akiwa ndani akaisahau. Huyo amejitwika mambo mawili, kusikiliza anachokiita haramu na kula jasho la mtu.

Suala la kazi ya akili kuwa ni mali nalo si geni tena mbele ya wanazuoni wa zama zetu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lilikutana Kuwait mwezi Desemba 1988, likapitisha uamuzi kwamba haki za utunzi na uvumbuzi, pamoja na majina ya biashara, ni haki zinazolindwa na sharia, na kwamba haifai kuzivamia. Uamuzi huo una zaidi ya miaka thelathini. Sisi bado tunabishana barazani kana kwamba haujaandikwa.

Na hawa tunaowachukulia ni akina nani? Tuwatazame, maana ni rahisi kumdhulumu mtu usiyemjua. Kijana aliyekulia hapo Mbeya, Joseph Mbilinyi, aliyejiita Mr. II na baadaye Sugu, alitoa albamu ya Ndani ya Bongo mwaka 1996. Mwaka 1998 akatoa Niite Mr. II, yenye wimbo uliozungumzia hali halisi ya mnyonge wa nchi hii. Mwaka 2001 Joseph Haule, Professor Jay, alitoa Machozi, Jasho na Damu, iliyorekodiwa Bongo Records kwa P-Funk. Ndani yake umo wimbo wa kumkejeli mwanasiasa anayeahidi kila kitu huku wananchi wakimwitikia ndiyo mzee. Mwaka huo huo Juma Nature alitoa Nini Chanzo. Wagosi wa Kaya wa Tanga waliimba juu ya wauguzi wanaowatukana wagonjwa. (Tukiri kwa haya kwamba baadhi ya mambo hayo yalipaswa kusikika kwanza kwenye mimbari zetu, nazo zilikuwa kimya.) Mbilinyi alikuja kuwa mbunge wa Mbeya Mjini tangu 2010 hadi 2020, na Haule akawa mbunge wa Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Hatuwataji kwa ajili ya ubunge wao. Tunawataja kwa sababu kaseti zao zilifika kila kibanda cha barabara ya Mbeya hadi Kyela, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za kudurufiwa.

Biashara yenyewe ilikuwaje? Wasambazaji wa kaseti walikuwa wachache, nao walikuwa Dar es Salaam. Msanii alifika kwao na kanda yake mama akiwa ameshamaliza fedha zake studio, pengine na za kukopa. Alipewa fedha za mkupuo akaachana na kazi yake, au akaahidiwa kiasi fulani kwa kila kaseti. Zimechapwa kaseti ngapi? Aliyejua ni mwenye mashine. Msanii hakuwa na njia ya kuhesabu, kama vile mkulima asivyo na mzani shambani kwake. Mkulima wa chai wa wilaya hii anaielewa hali hiyo vizuri kuliko sisi tunaoandika, kwani naye amesimama miaka mingi mbele ya mzani ambao hausomi yeye. Kaseti ilipotoka kwa msambazaji, wakaingia wadurufu. Kaseti moja halali ilizaa mia zisizo halali, jalada likiwa limefifia na majina yamekosewa. Yaani mtunzi alipunjwa mlangoni, kisha akaibiwa njiani.

Sheria ilikuwapo. Bunge lilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, badala ya ile ya mwaka 1966, na chini yake ikaundwa COSOTA. Zanzibar nayo ilipata sheria yake mwaka 2003. Mwaka 2013 ukaanzishwa utaratibu wa kubandika stempu za kodi kwenye kanda na diski za muziki na filamu, ili nakala halali itambulikane na ihesabike. Stempu zilipofika, mnunuzi alikuwa ameshahamia kwenye simu, na memori kadi haibandikwi stempu. Albamu ikakonda. Wasanii wakawa wanatoa wimbo mmoja mmoja na kula kwa matamasha na matangazo ya makampuni. Hata aliye mkubwa kuliko wote kibiashara, Diamond Platnumz, alitoa Lala Salama mwaka 2012, na A Boy from Tandale ikaja 2018. Rayvanny, ambaye ubini wake ni Mwakyusa, jina ambalo hapa Rungwe halihitaji maelezo, alitoa albamu yake Sound from Africa mwaka 2021, wakati nyimbo zimeshahamia kwenye mitandao. Bado inachotwa na kuwekwa kwenye kadi, ikauzwa stendi.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii kabisa ni mirathi. Kwa sheria ya nchi yetu haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake mtunzi akifa, haki hiyo wanayo warithi, na miongoni mwa warithi wamo wajane na mayatima. Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Kwa hesabu hiyo muda wa utunzi wake unafika 2029. Ni wangapi wanaozidurufu nyimbo zake wakizihesabu kuwa ni za zamani, hazina mwenyewe? Waislamu tumefundishwa kuiogopa mali ya yatima kuliko mali nyingine yoyote. Hatujasikia popote kwamba yatima wa mwanamuziki ametolewa katika mafundisho hayo.

Wapo watakaosema wasanii hao ni matajiri, wana magari na majumba. Matajiri wao wanahesabika kwa vidole, na hata hivyo utajiri wa mwenye mali haujawahi kumhalalishia mwizi. Wengine watasema nakala halali haipatikani Lufingo. Udhuru huu una uzito kidogo, hatuukatai. Lakini aliyekosa nyama halali sokoni hula mboga, haendi kuchinja ng'ombe wa jirani.

Tungeweza kuishia hapo, tukabaki tumewanyooshea vidole vijana wa stendi. Ila baada ya mjadala ule, kijana mmoja aliyekuwa amekaa kimya pembeni mwa baraza alitufuata. Yeye ndiye huendesha mojawapo ya vibanda hivyo mjini. Akatuuliza kwa adabu, “Shikamooni wazee wangu. Zile diski za mawaidha na kaswida zilizo katika kabati la msikiti, mlizinunua kwa nani?”

Tulikwenda kufungua kabati. Ndani mlikuwa na diski kumi na nne na kaseti nyingi kuukuu. Karibu zote ni za kudurufu, majina yameandikwa kwa kalamu ya wino, na baadhi yake tulikuwa tumeziuza kwa waumini ili kuchangia bati za msikiti. Masheikh waliotoa mawaidha hayo walisafiri, walilipia ukumbi, walilipia mpiga picha. Vikundi vya kaswida vilishona sare na kukodi studio. Nasi tulichukua kwa hoja iliyo kinyume cha ile ya barazani, kwamba hii ni kazi ya dini, basi haina mwenyewe. Ya haramu haina mwenyewe, ya kheri haina mwenyewe. Ni kipi basi chenye mwenyewe? Jarida hili pia hutolewa fotokopi, lakini hilo tumeliruhusu na tumelichapa ukurasa wa nyuma. Ruhusa ndiyo tofauti yenyewe, nayo hutolewa na mwenye kazi, haitolewi na mwenye mashine.

Tangu wiki hiyo uuzaji wa diski umesimamishwa. Tumewatafuta wenye kazi kwa simu. Masheikh wawili wameridhia zibaki na zigawiwe bure. Kiongozi wa kikundi kimoja cha kaswida alitaka alipwe bei ya diski yake kwa kila nakala tuliyouza. Tulihesabu tulizozikumbuka, tukaongeza kwa tahadhari, tukamtumia. Wengine kumi na mmoja hatujawapata. Diski zao zimefungwa kwenye bahasha ndani ya kabati hilo, na majina yao yamebandikwa mlangoni mwa msikiti, ili anayemjua mmojawapo amwambie mweka hazina.