Ushuru Ni Amana ya Mnunuzi

Katika mkutano mmoja wa hadhara uliofanyika Gwata, upande wa Kibaha na Kisarawe, mwandishi wa safu hii alisimama kuwahimiza wananchi wanunue bidhaa zinazotengenezwa nchini. Maneno yalikuwa mazuri na makofi yalipigwa. Ndipo mama mmoja mkulima alipoomba ruhusa kwa Mwenyekiti, akauliza: "Ndugu, hilo shati ulilovaa limeshonwa wapi?" Shati lilikuwa limetoka ng'ambo. Watu walicheka, na msemaji akacheka nao kwa kuwa hakuwa na jibu.

Swali lile halikuwa la mzaha. Limebeba ndani yake mjadala wote wa ushuru, bidhaa rahisi za kigeni na viwanda vyetu. Yule mama hakukataa kununua cha nyumbani. Alitaka kujua ni nani atakayetangulia, na nani atakayelipa gharama. Leo tunakusudia kulijibu kwa insafu.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa liliamua kwamba pamba yake isokotwe na kufumwa hapa hapa. Mwaka 1968 Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilifunguliwa. Mwanza ikawa na Mwatex, Musoma ikapata Mutex na Arusha Kiltex. Khanga, vitenge, mashuka na khaki za wanafunzi zilitoka katika mikono ya wafanyakazi wetu wenyewe.

Lakini viwanda hivyo vilitegemea vipuri, dawa za rangi na mafuta kutoka nje, na vyote hivyo vilihitaji fedha za kigeni. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha hizo ziliadimika na mashine zikasimama. Wazee wetu wanaikumbuka vizuri foleni ya sabuni na khanga katika maduka ya ushirika ya miaka ya mwanzo ya 1980. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kwamba kufunga mlango peke yake ni dawa. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani hapakuwa na nguo.

Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti, ikawaruhusu wenye fedha za kigeni za kwao wenyewe kuleta bidhaa. Maduka yakajaa. Mitumba, ambayo watu waliibandika jina la "kafa Ulaya", ikaenea mpaka magulio ya vijijini. Aliyekuwa akivaa viraka akapata suruali nzima, na hilo lilikuwa jambo la heri ambalo hatuna haki ya kulibeza. Hata hivyo, upande wa pili wa mizani ulikuwa mzito. Katika miaka iliyofuata viwanda vingi vya nguo vilifunga milango au vikauzwa, na mpaka leo sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa ikiwa bado pamba, kisha hurudi imekuwa nguo.

Je, ushuru unaweza kurekebisha hali hiyo? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza Umoja wa Forodha mwaka 2005 kwa viwango vitatu: sifuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Khanga, vikoi na vitenge viliwekwa katika orodha ya bidhaa nyeti kwa asilimia 50, mchele asilimia 75 na sukari asilimia 100. Tarehe 1 Julai 2022 kiwango cha nne cha asilimia 35 kikaanza kutumika kwa bidhaa ambazo nchi zetu zinaweza kujitengenezea, zikiwamo nguo, samani na bidhaa za ngozi. Basi haiwezi kusemwa kwamba ukuta haupo. Umejengwa, tena mrefu. La kuuliza ni kwa nini wapo wanaoupita bila kuuruka.

Tutoe mfano wa hesabu nyepesi. Tuseme shati limefika bandarini likiwa na thamani ya shilingi 10,000. Ushuru wa asilimia 35 ni shilingi 3,500. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, inayotozwa juu ya jumla ya 13,500, ni shilingi 2,430. Mwagizaji mwaminifu atalipa shilingi 5,930. Sasa achukue mwagizaji mwingine shati lile lile, aandike katika hati kwamba thamani yake ni shilingi 4,000. Ushuru wake utakuwa 1,400 na kodi 972, yaani jumla shilingi 2,372. Kwa kalamu moja tu ya uongo Hazina imepoteza shilingi 3,558, na cherehani ya fundi wetu imepoteza kinga yake. Hakuna sheria iliyobadilishwa wala asilimia iliyopunguzwa. Mizani ndiyo iliyopunjwa.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa mapema kwamba mwenye kupunja kipimo ana ole wake. Somo hilo halikuwahusu wauza mchele wa sokoni peke yao. Linamhusu mwagizaji anayeghushi hati, na linamhusu afisa anayeitazama hati hiyo kisha akageuza uso. Kabla ya kudai ushuru upandishwe, ni wajibu wetu kudai ushuru uliopo utozwe kwa haki.

Hapa ndugu zetu wa visiwani wana neno lao, na ni lazima lisikilizwe. Kwa mtu wa Kilindoni, Mafia, bei ya kila bidhaa ya dukani hubeba pia nauli ya chombo kutoka Nyamisati au Dar es Salaam. Ushuru ukipanda, yeye huupata ukiwa juu ya nauli. Kwa ndugu wa Unguja na Pemba, ushuru wa bidhaa zinazotoka Zanzibar kuingia Bara umekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa mambo yanayoitwa kero za Muungano. Mfanyabiashara wa visiwani hulalamika kwamba anatozwa mara mbili kwa mzigo mmoja. Wenye viwanda wa Bara nao hulalamika kwamba bidhaa ikithaminiwa kwa bei ya chini upande mmoja wa bahari, huja kuwaumiza upande wa pili.

Kila upande una hoja, na dawa ya hoja zote mbili ni moja: thamani ya mzigo ipimwe kwa kipimo kimoja popote unaposhushwa, na ukishalipiwa pasiwe na wa kuudai tena. Taifa moja lenye mizani mbili huwafundisha wananchi wake magendo.

Tusisahau pia kwamba maamuzi haya hatuyafanyi tukiwa peke yetu duniani. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua kwamba mitumba iondolewe hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuziondoa nchi zetu katika mpango wa AGOA uliokuwa ukiruhusu bidhaa za Afrika kuingia huko bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo. Rwanda ikashikilia wake, na mwaka 2018 nafuu ya nguo zake ikasimamishwa. Kisha, Aprili 2025, Marekani hiyo hiyo ikatangaza ushuru wa angalau asilimia 10 juu ya karibu bidhaa zote zinazoingia kwake kutoka nje. Hatusemi haya ili tulie. Tunasema ili ieleweke kwamba kila dola, kubwa au ndogo, hulinda mkate wa watu wake inapoona haja, na hakuna mwenye haki ya kutuambia kwamba kulinda wa kwetu ni dhambi.

Lakini kulinda si kubembeleza. Tuseme wazi jambo ambalo mara nyingi huachwa katika hotuba: ushuru haulipwi na mgeni. Unalipwa na mnunuzi. Yule mama wa Gwata akinunua sare ya mtoto kwa bei iliyopanda kwa sababu ya ushuru, fedha ile ya ziada ni mkopo anaompa mwenye kiwanda, bila riba na bila hati, ili kiwanda kikue na siku moja kimwuzie nguo bora kwa bei nafuu. Ni amana. Na mwenye kupewa amana huulizwa habari zake.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kila kinga ya ushuru iwe na muda na masharti. Kiwanda kinachokingwa kieleze kitaajiri wangapi, kitazalisha nini na kwa ubora gani, na baada ya muda huo kikaguliwe. Kikishindwa, kinga iondolewe. Kukinga uzembe ni kumtoza maskini ili mzembe apate usingizi.

Pili, Serikali na mashirika yake yatangulie. Sare za majeshi, mashuka ya hospitali, madawati ya shule na meza za ofisi hununuliwa kwa fedha za umma. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imetoa nafasi ya upendeleo kwa bidhaa za ndani. Itekelezwe kwa vitendo, na malipo yatoke kwa wakati, kwani kiwanda kinachoidai Serikali kwa mwaka mzima hakiwezi kununua pamba ya msimu unaofuata.

Tatu, tusikimbilie kupiga marufuku mitumba kabla ya kuwa na nguo ya kuiziba nafasi yake. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Ni kweli, lakini asiye na nguo yoyote hasitiriki kwa hotuba. Kiwanda kitangulie, umeme wa uhakika utangulie, kisha mtumba utajiondokea wenyewe kwa kukosa mnunuzi.

Nne, wenye viwanda na mafundi wetu waache kutegemea uzalendo wa mnunuzi kama kisingizio cha kazi mbovu. Khanga inayochuja rangi kwa fuo moja na kiti kinacholegea kwa mwezi mmoja hufanya kazi ya kumtangaza mgeni kuliko tangazo lolote la redio.

Mkoa wetu umo katikati ya jambo hili. Mwezi Julai 2025 Bandari Kavu ya Kwala, katika wilaya ya Kibaha, ilizinduliwa. Makontena ya bidhaa za ulimwengu sasa yanafika karibu na mashamba ya mihogo na mikorosho. Hapo hapo Kwala limetengwa eneo la viwanda. Vijana wa Gwata watayaona makontena yakija na watauliza kama yatarudi matupu, au yatarudi na kitu kilichofanywa kwa mikono yao. Ushuru wenye haki, mizani moja na kazi safi ndivyo vitakavyowajibu.

Na sisi viongozi tunaopanda majukwaani tuanze na vifua vyetu wenyewe. Mwandishi wa safu hii amekwisha kupeleka kitambaa cha pamba ya nchini kwa fundi wa Mlandizi. Akirudi Gwata, yule mama akiuliza tena, safari hii atapewa jibu.