ASALI NA VIDONGE VYA MAUMIVU



Katika nyumba zetu nyingi siku hizi hukosi kuona vitu viwili vimewekwa pamoja: chupa ya asali na pakiti ya vidonge vya maumivu. Mzee mwenye magoti humeza diklofenaki asubuhi, kisha akalamba kijiko cha asali, na akiulizwa husema kuwa asali itavunja makali ya dawa. Wengine huuziwa gundi ya nyuki na maziwa ya nyuki kwa bei kubwa, kwa ahadi kwamba mwenye kuvitumia aweza kumeza vidonge apendavyo, asidhurike tumbo, figo wala ini. Twaona jambo hili lataka kusemwa wazi, maana limekwisha kutiwa katika dini.

Kwamba asali ina shifaa, hilo kwa Muislamu halina mjadala. Limo katika Suratun Nahl, aya ya 69. Tena imo katika Bukhari na Muslim habari ya mtu aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kumshitakia tumbo la nduguye. Aliamrishwa amnyweshe asali. Akarudi kusema hapana nafuu, akaamrishwa vile vile, mpaka mgonjwa akapona. Lakini na tuizingatie habari yenyewe. Aliyenyweshwa alikuwa mgonjwa wa tumbo; hakuwa mtu alaye kila siku kitu cha kumdhuru huku akitafuta kinga ya kuendelea nacho. Kuitoa hadithi mahali pake na kuifanya dhamana ya kila kidonge ni kumsemea Mtume asilolisema.

Sasa tutazame madhara haya yatoka wapi. Aspirini ilianza kuuzwa mwaka 1899, na watu wakaitumia miaka zaidi ya 70 bila ya kujua hasa ifanyavyo kazi, hata mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alipobainisha kuwa huuzuia mwili kutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini. Kwa kazi hiyo alikuwa miongoni mwa waliopewa Tunzo ya Nobel mwaka 1982. Vitu hivyo huzidisha maumivu na uvimbe. Lakini hivyo hivyo ndivyo viulindavyo ukuta wa tumbo usiunguzwe na asidi yake, na ndivyo visaidiavyo figo kupata damu ya kutosha. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ni jamaa moja. Huondoa maumivu, na ulinzi nao hupungua.

Watu hudhani kidonge hukwaruza tumbo kama mchanga, basi asali ikitangulia italipaka na kulikinga. Kugusa kwake kwadhuru kidogo, ni kweli. Lakini madhara makubwa hupitia katika damu. Ndiyo maana hata achomwaye diklofenaki kwa sindano aweza kupata vidonda vya tumbo. Kijiko cha asali kitamzuilia nini huyu?

Wataalamu wamejaribu. Panya waliopewa asali au gundi ya nyuki kabla ya indomethasini, dawa ya jamaa hiyo hiyo, matumbo yao yalionekana kudhurika kidogo kuliko ya wenzao. Ni habari njema, na yafaa ifuatwe. Lakini panya si mtu, na kwa binadamu jambo hili halijathibiti hata likategemewa. Kinga iliyothibiti kwa watu ni dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli, ambazo daktari humwandikia mwenye umri mkubwa au aliyewahi kuwa na vidonda. Nazo hulinda tumbo, wala si figo. Asali na inywewe kwa shifaa yake na utamu wake, ila mwenye kisukari aipime, na mtoto asiyetimiza mwaka asipewe kabisa.

Paracetamoli si ya jamaa ile, na tumbo hailisumbui sana. Lakini ikizidi huharibu ini, na huweza kuua. Mtu mzima asivuke vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na ahesabu pia iliyomo katika dawa za mafua. Aliyezidisha, hospitali iko dawa ya kumwokoa, asetilisisteini, nayo hufaa zaidi ndani ya saa 8 za mwanzo. Anayeketi nyumbani akinyweshwa asali anazipoteza saa hizo.

Mfungaji naye, akimeza ibuprofeni wakati wa daku kisha akashinda juani bila ya maji, figo zake hupata taabu mara mbili. Na amwendee daktari kabla ya mwezi kuandama. Wengine wote wameze baada ya chakula, kipimo kidogo kitoshacho, kwa siku chache, wala wasichanganye mbili za jamaa moja. Na mwenye kuona choo cheusi kama lami, au akatapika kitu kama masimbi ya kahawa, hiyo ni damu. Aende hospitali saa ile ile, na pakiti ya vidonge aichukue mkononi.