Bega Lifanyalo Kazi ya Mguu



Wapo miongoni mwetu, na hasa miongoni mwa wazee wanaokuja Doha kuwazuru watoto wao, watu ambao kwao mkono si wa kushikia tu, bali ni mguu pia. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1975, na Kenya mwaka 1980. Baadhi ya waliozaliwa kabla ya hapo walipatwa na polio utotoni, ikawaachia mguu dhaifu, nao wakatembea kwa magongo maisha yao yote. Leo wamo katika umri wa miaka hamsini, sitini na zaidi, na kinacholalamika sasa si mguu, ni bega.

Bega hutulizwa mahali pake na misuli minne, ambayo kano zake zimeshikamana na kichwa cha mfupa wa mkono. Kano ya juu hupita katika upenyo mwembamba chini ya mfupa wa bega. Kila mtu anapoegemea gongo, au anapojinyanyua kwa mikono kutoka kitini kwenda kitandani, uzito wa mwili huusukuma mfupa juu na kano hubanwa. Kwa miaka mingi hulika kama kamba ya jahazi inayosuguana na mbao, hata ikachanika. Hapo mgonjwa hukosa usingizi kwa maumivu, na kuvaa kanzu kukawa mtihani.

Daktari mpasuaji aweza kuishona kano hiyo mfupani, mara nyingi kwa matundu madogo na kamera nyembamba. Familia huuliza: je, itapona? Mwenye miguu mizima hufungwa mkono kwa kitambaa takriban wiki 6, akakatazwa vizito kwa miezi 3 hivi, na nguvu humrudia baina ya miezi 6 na mwaka. Muda wote huo huenda msalani kwa miguu yake. Mwenye magongo hana njia hiyo. Akiliegemea gongo siku ya kumi kwa kuwa hakuna wa kumwinua, kano iliyoshonwa yaweza kung'oka.

Ripoti za madaktari juu ya upasuaji huu kwa wanaotumia viti vya magurudumu ni chache, za wagonjwa wachache, wala hazikubaliani. Nyingine zilikuta kano nyingi zimechanika tena. Nyingine zikaona maumivu yamepungua na mkono umerudi kunyanyuka. Nionavyo mimi, tunatumia muda mwingi kumtafuta mpasuaji hodari na muda mdogo mno kuulizana nani atakuwa nyumbani saa nane za usiku.

Mambo haya yapangwe kabla ya tarehe ya upasuaji. Kitanda kiwe na kimo sawa na kiti. Kiti cha magurudumu cha umeme kitafutwe mapema, hata kwa kuazima, kwani cha kusukuma kwa mikono hakitamfaa. Bega la pili nalo lipimwe, maana ndilo litakalobeba kazi zote. Na msione haya kuuliza kama upasuaji ni wa lazima: wengi hupata nafuu kwa mazoezi na dawa, na kano iliyochanika zamani huenda isishoneke tena. Hapa Doha, Hamad Medical Corporation inayo Qatar Rehabilitation Institute, mahali pa kurudisha uwezo wa viungo. Muulizeni daktari kuhusu huduma ya namna hiyo kabla ya kisu, si baada yake.

Kwa mzee aliyekuja kwa matembezi liko jambo jingine, nalo husahauliwa: viza yake yaisha lini? Akishonwa hapa na kupanda ndege wiki ya tano, nani atampokea Tanga au Mombasa, na nani atamfanyisha mazoezi? Huenda ni afadhali ashonwe kule kule walipo wajukuu wenye nguvu.

Ama sala, aliyezoea kuinuka kutoka sijda kwa kujisukuma na mikono asifanye hivyo hadi daktari aruhusu. Mgonjwa anayo ruhusa ya kuswali akiwa amekaa na kuashiria rukuu na sijda. Kuhusu udhu na mkono uliofungwa bendeji, aulizwe sheikh kabla ya siku ya hospitali.