Gauni la Binti, Kitambaa cha Mama

Mwezi huu nakiri kosa langu mwenyewe.

Binti yangu anasomea ushonaji chuoni. Kila mwanafunzi aliambiwa abuni gauni la jioni, alichore, kisha alishone. Kitambaa ni juu ya mzazi. Yeye alichora gauni la kushuka taratibu kutoka kiunoni hadi miguuni, sketi ikatwe mshazari. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimepokea zamu yangu ya upatu, nikaenda Kariakoo peke yangu na kurudi na kitambaa kigumu chenye nyuzi za dhahabu. Kiling'aa kweli! Binti alikishika, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, ni kizuri, lakini hakianguki."

Sikumwelewa mpaka alipokishona. Sketi ilisimama kama mwavuli, na fedha ya upatu ilikuwa imekwisha.

Basi mama mwenzangu, ukiombwa fedha ya kitambaa, nenda dukani na mwanafunzi mwenyewe, mchoro mkononi. Yule mwanamke wa Mithali 31 alitafuta sufu na kitani mwenyewe, hakutafutiwa na mama yake. Muuzaji afungue jora, nanyi mkiache kitambaa kining'inie. Krepu na chifoni hulegea na kufuata mwili. Tafeta husimama, hufaa sketi ya kupanuka. Kama gauni litakatwa mshazari, kishikeni kwa pembe, maana ndivyo kitakavyoning'inia likivaliwa. Gauni la namna hiyo hutundikwa siku nzima kabla ya kukunja pindo, kwa sababu hurefuka.

Msidanganywe na neno satini. Satini ni namna ya kufuma, si aina ya uzi. Ipo ya hariri na ipo ya poliesta, na bei zake hazilingani hata kidogo. Ombeni kipande mkakichome nyumbani juu ya sahani, watoto wadogo wakiwa mbali. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika. Poliesta huyeyuka, ikipoa huwa tone gumu. Sisemi poliesta ni mbaya, wengi wetu ndiyo tunayoimudu. Lakini kwa joto la Dar es Salaam, poliesta juu na bitana ya poliesta chini ni adhabu. Afadhali bitana iwe ya pamba nyepesi au reyoni.

Na bitana msiibanie. Chifoni isiyo na bitana huonyesha kila kitu taa zikiwaka ukumbini, na hapo ndipo ugomvi wa mama na binti huanzia. Kiinueni kitambaa kwenye mwanga hapo hapo dukani, mmalize hoja hiyo kabla ya kulipa.

Ulizeni pia upana: cha inchi 45 kitahitajika kirefu zaidi kuliko cha inchi 60. Satini inunuliwe na ziada, kwa kuwa vipande vyote hukatwa vikielekea upande mmoja, la sivyo vitang'aa tofauti.

Baada ya miezi miwili tulirudi Kariakoo wawili. Mimi nilibeba kikapu tu. Alichagua krepu ya zambarau, bei yake chini ya kile changu. Cha dhahabu nimekifumua, nikashonea foronya za mito ya sebuleni. Huko kimesimama vizuri sana.